Nani alibadilisha mkataba? Kuchagua mfumo wa matoleo ya hati kwa ofisi ndogo

Leo siandiki juu ya lugha za programu wala juu ya simu mpya. Nataka tuzungumzie jambo ambalo sisi waandishi wa programu tulishalizoea zamani, lakini ofisi nyingi hapa kwetu bado linazitoa jasho: kujua ni toleo lipi la hati ndilo sahihi, nani alilibadilisha, na lini.

Najua wenzangu wa fani tayari wanapiga kelele, "Si uwawekee Git tu!" Subirini kidogo, tutafika huko. Kwanza nieleze tatizo, maana dawa bila ugonjwa ni biashara tu.

Tatizo lenyewe

Mwaka 2022 niliitwa na ofisi moja ya mawakili mjini Nakuru. Ni ofisi ndogo, watu tisa: mawakili watatu, makarani wanne, tarishi mmoja, na mama mmoja wa masjala ambaye amekuwa pale miaka 19. Kila mtu ana kompyuta ya Windows isipokuwa tarishi. Hati zote zilikaa kwenye folda moja ya pamoja, ndani ya kompyuta ya mama wa masjala, kwa sababu printa kubwa iko mezani pake.

Ukifungua folda ile ungeona vitu ambavyo bila shaka umeviona kwenu pia: Mkataba_mwisho.docx, Mkataba_mwisho_kabisa.docx, Mkataba_mwisho_kabisa_TUMIA_HII.docx. Kando yake kuna nyingine imeandikwa nakala ya nakala. Kila mmoja alijua faili yake ya kweli ni ipi, mradi usimwulize baada ya wiki mbili.

Kilichonipeleka pale ni mkataba wa mauzo ya shamba. Ulifika mezani kutiwa sahihi ukiwa na bei ya zamani, tofauti ya shilingi 150,000. Mnunuzi aliona kabla ya kalamu kugusa karatasi, kwa hivyo hakuna aliyepoteza pesa. Lakini aibu ilikuwepo, na aibu ikipata ofisi hutafuta mtu wa kubebeshwa. Mkataba ulikuwa umechapishwa kutoka kompyuta ya mama wa masjala. Akaandikiwa barua ya kujieleza kwa nini asichukuliwe hatua.

Wakili mkuu aliniuliza swali moja tu: "Fundi, unaweza kutuambia ni nani aliyeigusa faili hii?"

Nikaikagua. Windows huandika tarehe ya mwisho faili ilipobadilishwa, basi, haiandiki historia. Word huweka ndani ya hati jina la mtu wa mwisho kuihifadhi, lakini jina hilo ni lile lililoandikwa programu ilipowekwa. Aliyeiuzia ofisi kompyuta zile alikuwa amenakili diski moja hadi nyingine, kwa hivyo kompyuta zote nane zilikuwa na jina lilelile! Nikamwambia wakili, na nikamwandikia vilevile, kwamba faili ile haionyeshi kuwa mama ndiye aliyekosea, wala haionyeshi kuwa siye. Hakuna anayeweza kujua. Barua ikawekwa kando, lakini haikuondolewa. Ilibaki ndani ya faili lake la kazi.

Mama mwenyewe alinisindikiza hadi mlangoni. Akaniambia, "Mwanangu, mimi sikatai kwamba naweza kukosea. Ninachokataa ni kuambiwa nimekosea na mtu ambaye hajui." Nimeikumbuka kauli hiyo kila nilipokuwa nikipima programu baadaye.

Ofisi ilikuwa na mfumo tayari

Kabla ya kuleta chochote nilikaa masjala siku mbili kutazama makaratasi yanavyokwenda. Nawashauri mfanye hivyo. Hutaamini: ofisi ile ilikuwa na udhibiti mzuri kabisa wa matoleo, ila ulikuwa wa karatasi.

Kila jalada lina namba. Kila karatasi inayoingia jaladani hupewa namba yake kwenye pembe ya juu, moja baada ya nyingine, na hakuna karatasi inayong'olewa. Barua ikibatilishwa, hupigwa mstari, huandikwa "imebatilishwa", na hubaki palepale. Jalada likitoka masjala, mama huandika kwenye daftari: limetoka lini, limechukuliwa na nani, limerudi lini. Wakili mwingine akilitaka jalada hilohilo, anaambiwa, "Liko kwa fulani, kamwone." Haiwezekani watu wawili wawe na jalada moja kwa wakati mmoja.

Soma tena aya hiyo ukiwa na macho ya fundi. Namba zinazofuatana, historia isiyofutwa, jina na tarehe, na kufuli. Vyote vilikuwepo. Vilipotea siku hati zilipohama kutoka kwenye jalada kwenda kwenye folda ya kompyuta. Kwa hiyo swali halikuwa nifundishe ofisi hii kitu kipya gani. Lilikuwa ni programu ipi itakayowarudishia walichokuwa nacho.

Maswali matano kabla ya programu

Niliandika maswali haya kwenye karatasi, na kila programu ilibidi iyajibu:

1. Je, mtu asiyejua kompyuta sana anaweza kuitumia kwa kukumbuka mambo matatu, si kumi?
2. Je, inazuia watu wawili kuhariri hati moja ya Word kwa wakati mmoja?
3. Je, historia inabaki yote, au inafutwa yenyewe nafasi ikipungua?
4. Je, kazi inaendelea intaneti ikikatika, au stima ikipotea na kurudi?
5. Je, mimi nisipokuwepo, fundi mwingine yeyote wa Nakuru anaweza kuichukua na kuendelea?

Hilo la tano mafundi wengi hulisahau. Mfumo ambao ni mmoja tu anayeuelewa ni deni unalomwachia mteja.

Na kwa nini seva iwe ndani ya ofisi? Kuna huduma nyingi za mtandaoni zinazohifadhi historia ya hati, na kwa ofisi nyingi zinatosha kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haikatazi kuzitumia, ila inaweka masharti data ya watu inapopelekwa nje ya nchi. Lakini wakili mkuu alikuwa na msimamo wake: siri za wateja zinakaa pale anapoweza kufunga mlango kwa ufunguo. Pia intaneti ya mtaa ule ilikuwa ikienda na kurudi. Sikubishana naye. Ofisi ni yake na wateja ni wake.

Walioshindania nafasi

Git. Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya kiini cha Linux, na mimi huitumia kila siku. Nguvu yake kubwa ni kuunganisha kazi za watu wengi waliohariri maandishi yaleyale, mstari kwa mstari. Lakini hati ya .docx si mistari ya maandishi. Tangu Office 2007, faili hiyo ni kifurushi cha ZIP chenye mafaili ya XML ndani yake. Git haiwezi kuunganisha vifurushi viwili vya namna hiyo. Itakwambia kuna mgongano, uchague kimoja utupe kingine. Halafu mweleze karani tofauti ya kuandaa, kuhifadhi, kusukuma na kuvuta. Mambo manne kabla ya chai! Kuna kiendelezi cha Git LFS ambacho tangu 2017 kina makufuli, lakini hakiondoi hayo manne, kinaongeza la tano.

Nextcloud. Hii ni nzuri na inapendeza machoni. Ilichipuka kutoka ownCloud mwaka 2016. Unaweka seva yako, kila kompyuta inapata folda inayojisawazisha, na matoleo ya zamani yanahifadhiwa bila mtu kufanya lolote. Swali la kwanza ilipata alama zote. Ilinichosha kwenye swali la tatu. Kwa mpangilio wake wa kawaida, Nextcloud hupunguza matoleo kadiri muda unavyopita: ya saa ya mwanzo huwekwa kwa dakika, ya siku ya kwanza kwa saa, ya mwezi wa kwanza kwa siku, na baada ya hapo moja kwa wiki. Vilevile matoleo hayaruhusiwi kula zaidi ya nusu ya nafasi aliyobakiwa nayo mtumiaji. Unaweza kubadilisha mipangilio hiyo, na matoleo unayoyapa jina yanalindwa. Lakini mtu asiyejua kwamba kutakuwa na ugomvi Desemba hatalipa jina toleo la Machi. Kwa ofisi ya usanifu au ya shule ningeichukua bila kusita. Kwa mawakili, hapana.

Syncthing. Haina seva ya kati, kompyuta zinazungumza zenyewe kwa zenyewe. Ni programu safi. Lakini watu wawili wakihariri pamoja, inaweka faili ya pili yenye maneno "sync-conflict" kwenye jina. Hapo tumerudi kwenye Mkataba_mwisho_kabisa.

Folda ya Samba yenye picha za diski. Hii wengi hawaijui. Unaweka seva ya Linux, inapiga picha ya diski kila saa, na mtumiaji wa Windows anabofya faili kwa kitufe cha kulia na kuona matoleo ya awali. Hakuna cha kujifunza. Lakini picha inaonyesha hati ilivyokuwa saa nne, haisemi ni nani aliyeibadilisha wala kwa sababu gani. Swali la mama lingebaki bila jibu.

Subversion. Naam, najua, najua! Wapo watakaocheka kwamba mwaka 2022 mtu bado anaweka Subversion. Ngojeni niwaeleze.

Kwa nini mzee huyu alishinda

Mfumo wa kwanza wa aina hii unaojulikana sana, SCCS, uliandikwa na Marc Rochkind huko Bell Labs mwaka 1972. Miaka kumi baadaye Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue akaleta RCS. Katika RCS, ukitaka kuhariri faili unaichukua na kuifunga, na wengine wanasubiri urudishe. Je, haifanani na daftari la masjala? Baadaye wenye programu wakachoka kusubiriana. Ikaja CVS, wakaruhusiwa kuhariri pamoja na kuunganisha mwishoni. Tukaliacha kufuli na kuliita la kizamani.

Lakini sisi tuliweza kuliacha kwa sababu tunaandika maandishi matupu. Ofisi inaandika Word, na Word haiunganishiki kirahisi. Kwa hiyo kufuli ambalo kwetu ni la kizamani, kwao ndilo linalofaa.

Subversion ilianza mwaka 2000 katika kampuni ya CollabNet, toleo la 1.0 likatoka Februari 2004, na toleo la 1.2 la mwaka 2005 likaleta makufuli. Tangu 2010 ni mradi kamili wa Apache Software Foundation. Ina sifa moja muhimu sana kwa kazi yetu, inaitwa svn:needs-lock. Faili yenye alama hiyo hukaa kwenye kompyuta yako ikiwa ya kusomwa tu. Unaweza kuifungua na kuichapisha, lakini huwezi kuihifadhi mpaka uombe kufuli. Ukiomba na mwenzako analo, unaambiwa jina lake. Ukiomba ilhali nakala yako ni ya zamani, unakataliwa mpaka uisasishe kwanza. Kisha ukiwasilisha kazi yako, kufuli linajiachia lenyewe.

Tangu toleo la 1.8 la mwaka 2013 unaweza kuweka agizo kwenye ghala lenyewe kwamba kila .docx na .xlsx mpya ipewe alama hiyo moja kwa moja. Mtumiaji hana la kukumbuka. Agizo jingine la aina hiyo linazipuuza zile faili za muda ambazo Word huziunda, zinazoanza na ~$.

Kwenye kompyuta za Windows niliweka TortoiseSVN, inayokaa ndani ya folda za kawaida na kuonyesha alama ya kijani faili ikiwa sawa na nyekundu ikiwa imebadilishwa. Uzuri wake mwingine: ukitaka kulinganisha matoleo mawili ya hati, inaiamuru Word yenyewe ifungue ulinganisho, maneno yaliyoondolewa yakiwa yamepigwa mstari. Wakili anasoma kama alivyozoea.

Kuna njia nyepesi zaidi niliyoipima: kuifungua ghala kama diski ya mtandao kupitia WebDAV, ili kila mtu anapohifadhi, toleo jipya lizaliwe lenyewe. Inavutia sana. Lakini inategemea huduma ya Windows ambayo mara kwa mara ilinisumbua kwenye majaribio, na Novemba 2023 Microsoft ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena. Pia inazalisha matoleo thelathini kwa hati moja asubuhi moja, yote bila maelezo. Nikaiacha.

Seva na nakala rudufu

Seva ni kompyuta ya mezani iliyokuwa imewekwa stoo. Nikaipa Debian, diski mbili mpya zinazoakisiana, na betri ya kuihimili kwa dakika chache stima ikipotea ili ijizime kwa utaratibu. Ghala linatolewa kupitia Apache kwa njia iliyosimbwa. Kwa hivyo wakili mkuu, ambaye hataki kuwekewa programu yoyote, anafungua kivinjari tu na kusoma toleo la mwisho.

Kwa kuwa kila kompyuta ina nakala yake kamili ya majalada inayoyahitaji, seva ikizimika watu wanaendelea. Aliyekuwa na kufuli anahariri, anawasilisha seva ikiamka. Zamani, kompyuta ya mama ikizimika ofisi nzima ilisimama.

Kila usiku amri ya svnadmin hotcopy inanakili ghala lote kwenye diski ya tatu. Kila Ijumaa diski ya nje iliyosimbwa inatoka ofisini, nyingine inaingia. Na kila mwisho wa mwezi tunachagua hati moja, tunairudisha kutoka kwenye diski ya nje mbele ya mawakili, tunaifungua, tunaisoma. Msomaji, nakala rudufu ambayo hujawahi kuirudisha ni matumaini tu.

Mambo matatu

Menyu za TortoiseSVN zilikuwa kwa Kiingereza cha kifundi. Sikujaribu kufundisha istilahi. Niliandika karatasi moja, ikabandikwa kando ya kila skrini:

SASISHA: asubuhi kabla ya kazi. Ni kama kuuliza masjala kuna nini kipya.
FUNGA: kabla ya kuhariri. Ni kama kusaini daftari unapochukua jalada.
WASILISHA: ukimaliza. Ni kama kurudisha jalada, na useme umefanya nini.

Mama wa masjala aliisoma mara moja akasema, "Kumbe ni daftari langu." Siku hiyohiyo akaanza kuwafundisha makarani, na aliwafundisha vizuri kuliko mimi, kwa sababu hakuwa na neno lolote la kompyuta la kuwatishia. Ni yeye pia aliyeanzisha jambo ambalo sikulifikiria: rasimu ikichapishwa, anaandika kwa mkono namba ya toleo kwenye pembe ya juu. Karatasi ikirudi kutoka kwa mteja ikiwa na marekebisho ya kalamu, wanajua ni toleo gani alilolisoma.

Msidhani kila kitu kilikwenda kama maji. Karani mmoja kijana aligundua kwamba akikutana na faili iliyofungwa anaweza kuihifadhi kwa jina jingine na kuendelea na maisha. Hapo hakuna programu itakayokuokoa. Tulikubaliana kwamba kila Ijumaa saa tisa mama anapitia folda na kuuliza kuhusu kila faili isiyo ndani ya ghala. Baada ya Ijumaa tatu mtindo ule ulikufa.

Mwingine: niliweka sharti kwamba maelezo ya kila uwasilishaji yawe na angalau herufi kumi. Wiki ya kwanza tulipata "aaaaaaaaaa" nyingi sana! Wakili wa pili alizisoma kwa sauti kwenye mkutano wa Jumatatu, watu wakacheka, na wiki ya pili tukaanza kuona sentensi.

Tatizo jingine ni zile alama za rangi. Windows inaruhusu alama 15 tu za aina hiyo kwa kompyuta nzima, na OneDrive na Dropbox huzinyakua mapema. Kwenye kompyuta mbili alama hazikuonekana kabisa mpaka nilipoondoa programu zisizotumika. Likikupata hilo, usihangaike kuiweka upya TortoiseSVN, tazama jirani zake.

Siku ya majaribio

Mwaka 2023 mteja mmoja alipiga simu amekasirika. Rasimu aliyotumiwa ilisema ekari 2.25, na yeye alikuwa na hakika ya ekari 2.5. Nani amekata shamba lake?

Zamani simu hiyo ingemaliza siku nzima na kumtafuna mtu mmoja. Safari hii wakili mkuu alimwita mama, mama akafungua historia ya hati ile. Toleo la 1,318, saa 11:52 jioni, limewasilishwa na wakili mkuu mwenyewe. Maelezo: "Ekari nimebadilisha kama alivyosema mteja kwa simu baada ya kupimwa." Alisoma mara mbili, akasomea simu. Kukawa kimya kidogo upande wa pili, kisha mteja akakumbuka kweli alipiga jioni ile, mpima alipotoka shambani. Yakaisha kwa dakika tano, bila mtu kushtakiwa.

Mimi sikuwepo, nilisimuliwa nilipokwenda kubadilisha betri. Niliambiwa pia kwamba mchana ule wakili mkuu aliitoa ile barua ya kujieleza kwenye faili la mama. Hakuichana. Aliandika juu yake "Imeondolewa", akatia tarehe, sahihi na muhuri, akairudisha mahali pake. Mtu asiyejua masjala angeona ni ukaidi, kwamba kwa nini asiitupe. Mama aliona ndiyo heshima yenyewe: barua ilikuwepo, na imeondolewa, na vyote viwili vinasomeka.

Ni nani aliyeacha bei ya zamani kwenye mkataba ule wa kwanza? Hilo halikujulikana na halitajulikana. Mfumo wa matoleo hauwezi kurudi nyuma ya siku uliyouweka. Ndiyo sababu nasema usisubiri ugomvi ndipo uuweke.

Kasoro, ili nisiwe muuza dawa

Subversion haisahau, na kuna siku inabidi isahau. Sheria ile ya 2019 inampa mtu haki, katika hali fulani, ya kuomba data zake zifutwe. Kufuta hati kutoka kwenye historia ya Subversion kunahitaji kulitoa ghala lote, kulichuja na kulijenga upya. Inawezekana, lakini ni kazi ya fundi, si ya kubofya. Tulipunguza makali kwa kumpa kila mteja mkubwa ghala lake.

Pili, kila kompyuta huweka nakala ya pili ya siri ya kila faili kwa ajili ya kulinganisha, kwa hiyo jalada la gigabaiti 5 linakula karibu 10. Karatasi zilizopigwa picha ndizo zinazokula zaidi. Tuliziweka kwenye ghala tofauti, ambalo wengi hawalihitaji mezani.

Tatu, na hili ni zito: kumbukumbu ina ukweli sawasawa na nywila zilizo nyuma yake. Makarani wawili wakitumia akaunti moja, jina lililoandikwa halina maana, na tumerudi kwenye zile kompyuta nane zenye jina moja. Kila mtu awe na akaunti yake, hata wa mafunzo wa miezi mitatu. Mfumo huu utakuambia ni akaunti ipi iliyowasilisha, saa ngapi, na ilisema nini. Nia ya mtu hauijui.

Basi, ukiombwa kazi kama hii

Usianze na programu. Omba uonyeshwe daftari la masjala, na kama halipo, muulize mtu aliyekaa ofisini miaka mingi zaidi jinsi anavyojua karatasi ipi ndiyo sahihi. Hesabu ni watu wangapi wanahariri hati moja kwa wakati mmoja kweli, si kwa kinadharia. Wakihariri Word na Excel, tafuta kufuli. Wakiandika maandishi matupu na ni mafundi, Git inawatosha. Kama wanataka tu kurudisha faili iliyofutwa kwa bahati mbaya, Nextcloud au picha za Samba zitawahudumia bila kuwasumbua na maneno mapya.

Halafu waulize wakubwa swali moja kabla hawajalipa: hati ikija kuwa na kosa, mnataka kujua nini? Wakisema "tunataka kuirudisha", hiyo ni kazi moja. Wakisema "tunataka kujua aliyeibadilisha", hiyo ni kazi nyingine kabisa, na inahitaji akaunti, maelezo na nidhamu ya Ijumaa. Waambie bei ya kila moja, kwa shilingi na kwa tabia, wachague wenyewe.

Kuhusu vifaa, usiogope. Seva ya stoo, diski mbili, betri, na wikendi mbili za kazi zilitosha kwa watu tisa. Wiki ijayo nikipata nafasi nitaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kuweka Apache na Subversion kwenye Debian, pamoja na agizo lile la kufuli. Kwa sasa kaangalieni folda zenu. Mkikuta faili mbili zinazodai kuwa ndiyo ya mwisho, mna kazi ya kufanya.